Siku Tulipofunga Clim ya Masera kule Beni

Vijana wa hapa Butembo wakisikia kwamba nimestaafu kazi ya clim, zile mashine za kupoza vyumba, wanacheka kwanza. "Mama Masika, kwenye mji huu watu wanavaa koti saa sita ya mchana! Ulikuwa unamufungia nani baridi?" Nami nacheka nao. Ni kweli, hapa kwetu baridi inagawiwa bure. Lakini kuna vyumba visivyojali hali ya hewa ya nje: depo ya dawa, chumba cha mashine za simu, studio ya redio iliyozibwa madirisha yote. Tena ukishuka Beni, hata Mnande wa milimani anafungua vifungo vya shati. Kazi ilikuwepo, tena nyingi.

Niliingia kazini kwa sababu ya samaki. Nilikuwa mama wa watoto, nauza sokoni samaki wa barafu, wale wa thomson, na siku moja congélateur yangu ya kuwagandisha ikanyamaza. Wakaniitia Papa Kabeya. Alikuwa mtu wa Kasai, fundi wa zamani wa jeshi, mnene, mwenye sauti ya kambi. Kazi ya serikali ilikuwa imemleta huku, na pensheni ilipofika hakurudi kwao. Alipofungua mashine yangu, nilichuchumaa kando yake nikamuuliza baridi inatoka wapi.

"Mama, baridi haitoke fasi yoyote," akasema. "Joto njo inatoka. Weka mukono huku nyuma."

Mashine ilikuwa imeanza kunguruma tena. Nikaweka mkono kwenye vile vyuma vya nyuma, vikanichoma kidogo.

"Hii ni joto ya samaki yako," akasema. "Gaz inaibeba kutoka ndani, inakuja kuitupa inje. Inarudi tena kubeba ingine. Ni kama mubeba mizigo wa soko, hapana zaidi."

Nilisahau samaki. Nilibaki nimeshika joto la samaki wangu mkononi, nikijiuliza ni mambo mangapi mengine ambayo nimekuwa nikiyaona kinyume. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye atelier yake, karakana ya uani, na maswali mengine. Alivumilia kwa muda, kisha akanipa ufunguo wa kukazia nati, akasema kama nitauliza siku nzima, basi mikono pia ifanye kazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa frigoriste, fundi wa mashine za baridi.

Clim ya split mnaijua. Sehemu moja inakaa ndani ukutani, nyingine inakaa nje inanguruma, na tiyo mbili za shaba zinapita katikati kubeba ile gaz. Mtu akiiona inafanya kazi anadhani ni kitu cha kutundika tu kama picha ya harusi. Naomba niwasimulie clim moja, ile ya labo, maabara ya kupimia damu, kule Beni, kwa sababu ndani yake mtaona karibu yote niliyoyajua baadaye.

Labo hiyo ilikuwa ya kituo cha afya kilichotunzwa na watawa. Msimamizi wake alikuwa Masera Régine, mwanamke mwembamba mwenye miwani, anayetembea kana kwamba kila mahali amechelewa. Alitupokea mlangoni, akatuonyesha mashine ya kupima damu. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe.

"Joto ikipanda, inakataa kusema," akatuambia. "Inaandika erreur, erreur, makosa matupu. Na bale bamama wa kwenye banc banangoja nibaambie kama mutoto anahitaji damu. Asubuhi ninapima. Kisha saa sita, niko kipofu."

Nikatazama nje. Kwenye benchi la ukumbini walikaa akina mama watano au sita, kila mmoja na mtoto mapajani. Watoto hawakuwa wakilia. Mtoto mwenye upungufu wa damu halii sana.

Papa Kabeya alianza na ukuta. Aligonga kwa vidole, huku ametega sikio kama daktari. Matofali ya udongo ya kuchoma yana tabia yake: bulon, ile bolti, inaingia vizuri, inakaa vizuri, mpaka ile mashine ya nje itetemeke miezi michache, ndipo tofali linapogeuka unga. Alitafuta mpaka akapata nguzo ya beton, ya zege, tukafunga vyuma vya kubebea hapo. Tulipomaliza kukaza, aliviningʼinia kwa mikono miwili, miguu ikiwa juu ya ardhi kidogo, tumbo lote likiningʼinia pamoja naye. Akina mama wa kwenye benchi wakacheka.

"Mucheke," akasema huku anatoka jasho. "Kama chuma haiwezi kubeba miye, haitabeba clim juu ya kichwa ya mutoto wenu."

Kabla ya kutoboa ukuta alizima disjoncteur, swichi ya umeme ya labo, akaifunga kwa utepe wa scotch ili mtu asiiwashe kwa wema wake, kisha akapima prise, soketi ya ukutani, kwa testeur hata hivyo. Alinieleza kwamba waya mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye prise, kwa hiyo usitoboe juu yake wala chini yake ukimwamini mwenye nyumba anayesema "hapo hakuna kitu". Tundu lenyewe tulilitoboa likiinama kidogo kuelekea nje, kwa sababu clim inatoa maji kama chupa baridi inavyotoa jasho. Tundu likiinama ndani, maji yatashuka kwenye ukuta wa mteja, na mteja atashuka kwako. Clim tuliipa waya wake peke yake kutoka kwenye tableau, sanduku la swichi, mnene wa kutosha, na waya wa terre, wa kushusha umeme ardhini, hadi kwenye chuma tulichokipigilia mahali penye unyevu, nyuma ya bafu. Mashine ya nje tuliipandisha wawili, kwa kamba, bila haraka.

Mimi nilipewa tiyo. Midomo ya tiyo inapanuliwa kama tarumbeta ili ikae vizuri kwenye ekru, ile nati ya kukazia, na ukipanua vibaya, gaz itatoroka polepole mpaka siku moja clim inapuliza upepo mtupu. Nilikata, nikakwangua, nikapanua, nikapaka mafuta kidogo ya compresseur, ile mota inayosukuma gaz, kwenye kila mdomo ili ekru isikwangue shaba, nikakaza kwa funguo mbili, moja ikishika, moja ikizungusha. Ilikuwa kazi safi. Nilijivunia.

Ilibaki kupima kama tiyo zinavuja. Kwa hilo tunajaza azote, gaz kavu isiyowaka, halafu tunapaka povu la sabuni na kutafuta mapovu. Lakini bombone yetu ya azote, ile chupa ya chuma, ilipofunguliwa, ilitoa pumzi moja fupi na kuishiwa. Mtu alikuwa ameiacha robinet yake, ile koki, wazi garini.

Saa zilikuwa zinakwenda. Masera alichungulia, akatazama benchi, akarudi ndani. Hapo Papa Kabeya akaona wokovu wake: kwenye geti la kituo kulikuwa na soudeur, kijana aitwaye Muhindo, anaunga vyuma vya mlango, na kando yake bombone ya oxygène.

"Gaz ni gaz," Papa Kabeya akasema. "Tunataka tu pression, ile musukumo. Muhindo, utukopeshe kidogo."

Muhindo aliikokota, nami nikaenda kumsaidia. Niliponyosha mkono kushika robinet, akaruka.

"Mama, hapana gusa! Uko na mafuta ku vidole!"

Nikatazama vidole vyangu. Kweli, viling'aa.

"Mafuta inafanya nini?" nikamuuliza.

"Oxygène na mafuta haviketake fasi moja. Kule garage ya Butembo mwenzetu mumoja alipaka graisse ku robinet ili ifunguke muzuri. Ililipuka bila kiberiti, bila moto. Mukono yake haiko tena."

"Bila moto?"

"Bila moto, Mama. Pression tu."

Alisema vile huku akimpa Papa Kabeya bomba la kuunganisha, kwa sababu yeye alijua mambo ya bombone yake tu. Ya tiyo zetu hakuyajua. Na Papa Kabeya alijua mambo ya tiyo tu. Mimi nilisimama katikati yao na vidole vinavyoteleza, nikageuza kichwa kutazama midomo ya shaba niliyoipaka mafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Papa Kabeya alikuwa ameshaunganisha. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Papa, usifungue."

"Nini tena?"

"Muhindo, kama mafuta iko ndani ya tiyo, si ku robinet, inakuwa je?"

Muhindo akaacha kutabasamu. "Ndani ya tiyo kuko mafuta?"

"Nimepaka sasa hivi."

"Basi miye ninaenda mbali," akasema, na kweli akarudi nyuma.

Papa Kabeya alikunja uso. "Nilifanya hivi ku camp mara mingi. Hapana kitu ilitokea. Hii ni maneno ya basoudeur."

"Papa, utoe mukono."

Mwanamke wa Kinande haongei hivyo na mtu mzima aliyemfundisha kazi, tena mbele ya watu. Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Aligeuka polepole, akanitazama kama alivyozoea kutazama askari waliochelewa kwenye parade.

"Unanipa ordre, Mama Masika?"

"Ninakuomba. Tazama huku."

Sikumwonyesha tiyo. Nilimwonyesha benchi, ambalo lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mashine ya nje. Mama mmoja alikuwa amelala ameegemea ukuta, mtoto wake macho wazi. Papa Kabeya aliwatazama. Kisha akalitenganisha bomba na tiyo, akamrudishia Muhindo, akaenda kukaa ndani ya camionnette, gari letu, na kufunga mlango.

Azote ilipatikana Butembo, lakini gari la kuileta lingeshuka kesho. Masera akatupa vyumba vya wageni. Kwenye meza Papa Kabeya alikula fufu yake akitazama sahani. Nilidhani nimempoteza mwalimu. Nilijiuliza pia kama nilikuwa na haki, maana sikuwa na ushahidi wowote ila maneno ya soudeur na vidole vyangu.

Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya tiyo zile, mikono nyuma.

"Nimewaza," akasema bila kugeuka. "Zile tiyo za camp zilikuwa na mafuta pia. Zote. Sasa najiuliza sababu gani niko muzima."

"Ulipata jibu?"

"Hapana. Sipende kitu inaniacha muzima bila kunieleza sababu."

Hayo ndiyo yalikuwa msamaha wake na shukrani yake, na mimi yalinitosha. Vijana, nimesikia kwamba mpaka leo kuna mafundi wanaotia oxygène ndani ya clim kwa sababu azote ni ya shida kupata. Wengine hawakuishi kujiuliza sababu. Kama azote haipo, kazi inalala. Mwambie mteja hivyo, na umwache akasirike.

Azote ilipofika tulipima, na sabuni ikatoa povu kwenye ekru moja. Ilikuwa yangu, ile niliyojivunia zaidi. Nikakata mdomo ule nikaufanya upya. Kisha tukafunga pompe ya kunyonya hewa, kwa sababu hewa na unyevu vikibaki ndani ya tiyo, compresseur inakufa kifo cha polepole. Na hapo tukakutana na fumbo jingine.

Ile saa ya kupimia, manomètre, ina sindano. Pompe ikinyonya, sindano inashuka chini ya sifuri kuelekea moja, ikipita vijialama tisa vya katikati. Kule Butembo, kwa miaka yote, sindano ya Papa Kabeya ilikuwa inasimama ikipita kijialama cha nane kidogo, na haishuki tena hata ukinyonya mpaka jioni. Yeye alisema manomètre ni ya zamani, imechoka. Lakini siku ile, kule Beni, sindano ilishuka, ikaipita alama yake ya siku zote, ikasimama karibu na tisa.

Tulitazamana.

"Imepona?" nikauliza.

"Manomètre haiponake," akasema. Akaigonga kwa kucha. Ikabaki palepale. "Ao pompe imepata nguvu, ao miye nimeanza kuzeeka macho."

Tulibadilisha bomba, tukajaribu tena. Karibu na tisa. Masera Régine alikuwa amekuja kuuliza kama tumemaliza, akatukuta tumepiga magoti mbele ya saa ile kama watu wanaosali rozari. Akauliza kuna nini, tukamweleza. Alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka.

"Na Butembo iko juu kuliko huku, hapana?"

"Juu sana."

"Basi haiko mugonjwa. Hewa iko na uzito. Yote iliyo juu yetu inatukandamiza. Ukipanda mulima, inayobaki juu yako ni kidogo, inakandamiza kidogo. Hii sindano yenu inalinganisha ndani na inje. Ndani mumetoa yote, lakini inje ya Butembo iko mwepesi kuliko inje ya Beni."

Papa Kabeya alikaa chini kabisa, sakafuni.

"Donc basi, kila mara nilikuwa nimefika mwisho?"

"Kila mara."

"Na miye nilikuwa natukana hii masikini ya chombo."

Tulifunga pompe, tukangoja; sindano haikurudi. Hakuna uvujaji. Tukafungua gaz ipite. Papa Kabeya akatoa scotch kwenye disjoncteur na kumwachia Masera abonyeze mwenyewe télécommande, ile rimoti. Sehemu ya ndani ilifumbua mdomo, ikapumua, na baada ya muda mfupi tukaanza kusikia matone ya maji nje, tap, tap, kwenye mawe. Masera alitoa kitambaa cheupe juu ya mashine yake. Saa sita ilifika, joto la Beni likapanda juu ya mabati, na mashine ikaendelea kusema. Mama yule aliyekuwa amelala ukutani, aliyengoja tangu jana yake kwa kuwa labo haikuwa na umeme, aliitwa wa kwanza. Mtoto wake alihitaji damu, na damu ilipatikana. Tulipokuwa tunafunga vyombo nilimwona mlangoni, anamsikiliza Masera kwa kichwa kilichoinama, kisha akaondoka mbio kuelekea wodi.

Mngedhani Papa Kabeya atalala njiani kurudi. Badala yake alichukua chupa ndogo tupu ya gaz, akainyonya hewa yote kwa pompe, akafunga robinet, na manomètre akaiacha juu yake. Akakaa mbele kando ya mlango, chupa mapajani, na mimi nikabanwa katikati yake na dereva.

"Tazama sindano," akaniambia. "Usitazame barabara."

Camionnette ilipoanza kupanda, sindano haikusogea. Kona baada ya kona, hakuna kitu. Kisha, mahali ambapo upepo unaanza kuingia baridi dirishani, niliiona imesogea kwa unene wa unywele. Papa Kabeya alipiga kelele ambayo ilimfanya dereva akanyage breki.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alikuja, akaona mzee ameshika chupa yenye saa. "Eloko nini oyo?" akauliza kwa Lingala, kitu gani hiki? Papa Kabeya akamjibu kwa Lingala ya kambi, maelezo marefu yenye mikono, uzito wa hewa, mlima, Masera. Nilitegemea tutashushwa. Lakini askari aliinama, akaweka uso karibu na kioo, akauliza kama chupa ikipanda mlima mrefu zaidi sindano itarudi kabisa kwenye sifuri. Papa Kabeya hakujua. Wakabishana mpaka magari ya nyuma yakapiga honi.

Tulipoingia Butembo, sindano ilikuwa imesimama kwenye alama yake ya siku zote. Papa Kabeya alikipapasa kioo chake kwa kidole gumba.

"Na kule chini kabisa?" akasema. "Ku bahari. Inasimama wapi?"

Yeye hakuwahi kuona bahari, wala mimi. Swali hilo halikumwacha. Mwishowe alichukua manomètre nyingine, yenye kioo kilichopasuka, akaifunga kwenye chupa nyingine, na akampa dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Mombasa kuchukua mizigo ya wafanyabiashara wetu. Alimwapisha asiguse robinet. Dereva alidhani ni dawa.

Tulisubiri. Nilikuwa atelier nabadilisha compresseur ya friji pale simu yangu ilipolia, na sauti ya dereva ikaja kwa mbali, upepo ukivuma ndani yake.

"Mama Masika, nimefika. Niko mbele ya maji. Ile sindano yenu iko ku moja. Imefika mwisho kabisa, haina fasi ingine ya kwenda."

Nilimpigia Papa Kabeya kelele. Alikuja kutoka uani, mikono imejaa graisse, nikamwambia: moja, iko kwenye moja, Masera alisema kweli. Nilingoja acheke. Lakini yeye alifuta mikono kwenye suruali, akachukua simu, akaiweka sikioni kwa mikono yote miwili, akasimama akisikiliza ule upepo.

"Sindano nimesikia," akamwambia dereva. "Sasa uniambie. Maji iko namna gani?"